Hamburg, ambako usiku huingia kila robo saa

Ukipata bahati ya kufika Hamburg, mji wa bandari ulioko kaskazini mwa Ujerumani, usikubali kuondoka kabla hujateremka katika stesheni ya Baumwall. Njia ya treni za mjini iitwayo U3 hupita pale juu ya nguzo za chuma, na ukisimama jukwaani utaona meli, winchi na maji ya bandari. Shuka ngazi, vuka daraja, na mara utajikuta kati ya maghala marefu ya matofali mekundu, yametazamana juu ya mifereji ya maji kama majirani wasiosemezana.

Mtaa huo huitwa Speicherstadt, yaani Mji wa Maghala. Ujenzi wake ulianza mwaka 1883, na ufunguzi rasmi ulifanyika mwaka 1888. Majengo yote yamekaa juu ya nguzo za miti zilizopigiliwa ndani ya tope la mto. Humo ziliwekwa kahawa, chai, kakao, viungo, tumbaku na mazulia kutoka kila pembe ya dunia. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa, kwa mkono wa UNESCO, uliutia mtaa huo katika orodha ya urithi wa dunia, na leo wageni humiminika kuupiga picha. Lakini kabla uzuri wake haujakughilibu, ndugu msomaji, fahamu kwamba mahali hapo hapakuwa patupu. Palikuwa na makazi ya watu, wengi wao wafanyakazi wa bandari na jamaa zao. Karibu watu 20,000 walihamishwa na nyumba zao zikabomolewa ili magunia ya kahawa yapate mahali pa kulala.

Sisi wa Afrika Mashariki si wageni kabisa katika habari za bandari ile. Meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika, MV Liemba, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa melini Hamburg, ikaletwa Dar es Salaam, na kutoka hapo ikasafirishwa kwa treni kuelekea Kigoma. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 kwa jasho la babu zetu, ilifika Kigoma mwaka 1914 tu, ikiwa imechelewa kidogo kumnufaisha mkoloni aliyeipania. Na tangu mwaka 2010 Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki kwa mkataba rasmi. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam akiingia Hamburg na kuuliza habari za treni, hapana haja ya kuona haya. Anauliza habari zinazomhusu.

Treni tunazozifuata leo, hata hivyo, si zile za kupanda. Ndani ya ghala mojawapo, katika njia iitwayo Kehrwieder, ndimo zilimo treni unazoweza kuzibeba kiganjani. Mahali hapo huitwa Miniatur Wunderland, na hutajwa kuwa ni maonyesho makubwa kuliko yote duniani ya treni za mfano. Chanzo chake ni duka moja la mji wa Zurich, Uswisi. Mwaka 2000 Frederik Braun, aliyekuwa akiendesha disko huko Hamburg pamoja na ndugu yake pacha Gerrit, alikuwa mapumzikoni Zurich. Akapita penye duka la treni za mfano, zikamrudisha utotoni, akampigia simu nduguye na kumwambia kwamba wajenge treni kubwa kuliko zote duniani. Ndugu mwingine angekata simu. Huyu hakukata, na tarehe 16 Agosti 2001 milango ilifunguliwa.

Kila kitu humo kimepunguzwa mara 87. Mtu wa sentimita 174 anakuwa na urefu wa sentimita mbili, na injini ya treni yenye urefu wa mita 19 inakuwa kama sentimita 22, yaani inazidi kidogo urefu wa kalamu ya risasi. Treni zenyewe ni zaidi ya 1,000, na reli zake ukizinyoosha zinapita kilomita 15. Milima ya Uswisi imepanda karibu mita sita, mpaka ikabidi dari itobolewe ili kilele kitokee ghorofa ya juu. Upande wa Skandinavia kuna bahari ya maji halisi ambamo meli hutembea. Tangu mwaka 2011 upo hata uwanja wa ndege, katika mji wa kubuni uitwao Knuffingen, na ndege zake hujongea, hukimbia na kupaa mbele ya macho yako. Watoto hushika vioo wakasahau kula.

Kisha usiku huingia.

Huingia kila baada ya kama robo saa, maana siku ya mahali hapo ina dakika kumi na tano tu. Taa za darini hufifia polepole, anga hugeuka rangi ya machungwa, kisha zambarau, kisha buluu nzito. Madirisha ya nyumba huanza kuwaka moja moja, la jikoni kwanza, la chumbani baadaye. Nguzo za taa za barabarani huwaka. Magari madogo huwasha taa, na yakifunga breki utaona nyekundu nyuma. Wageni wengi wakati huo huelekeza kamera zao milimani na mijini. Mwandishi wa makala haya anakushauri ufanye kinyume: chagua tundu moja la handaki, ukae nalo. Utaona kwanza weupe hafifu ukipaka ukuta wa ndani. Kisha ukuta wote unang'aa, reli mbili zinametameta kama nyuzi za fedha, na hapo ndipo injini inapochomoza na taa zake tatu usoni. Ikishapita, ngoja mkia. Taa mbili nyekundu zinaingia katika kona na kupotea.

Ni kitu kidogo mno. Taa yenyewe haizidi kichwa cha kiberiti. Lakini ifikirie treni ile ile bila taa: ingekuwa kopo la plastiki lililopita gizani likikwaruza. Taa ndiyo inayokufanya uamini kwamba ndani kuna dereva, amekunywa chai yake katika chupa, naye anatazama mbele.

Tujiulize basi, taa ya mbele ya treni kazi yake ni nini? Wengi tutajibu haraka kwamba inamwezesha dereva kuona njia. Jibu hilo ni nusu tu. Treni nzito haisimami kama basi la abiria. Katika njia kuu za Ujerumani, ishara ya kumwonya dereva kwa kawaida huwekwa mita 1,000 kabla ya ile ya kumsimamisha, kwa kuwa umbali huo huhitajika treni inapokwenda kasi. Hakuna taa ya kawaida inayommulikia dereva kilomita nzima. Akiona ng'ombe au mtu katika mwanga wake, aghalabu amekwisha kuchelewa. Taa ile basi imewekwa zaidi ili yeye aonekane: na mama anayevuka reli na ndoo kichwani, na dereva wa lori aliyefika makutano ya reli na barabara, na mafundi wanaokaza mataruma usiku.

Ndiyo maana taa za treni zina sarufi yake. Nyeupe ni uso, nyekundu ni mgongo. Ukiona nyeupe, kaa kando, inakuja. Ukiona nyekundu, imekwisha pita. Hapo zamani treni za Ujerumani zilikuwa na taa mbili tu za mbele, upande wa kuume na wa kushoto. Katika miaka ya 1950, magari yalipozidi barabarani, ilionekana kuwa taa mbili gizani zaweza kuwa za lori vile vile. Ikaongezwa ya tatu, juu kabisa katikati, na pembetatu ile ikawa alama ya treni hata kwa mtu aliye mbali. Kwa hiyo fundi wa treni za mfano anayetengeneza injini ya mwaka 1935 akaitia taa tatu amesema uongo, na wazee wa mchezo huo watamwambia waziwazi bila kumwonea haya.

Wazee hao wapo wengi. Ujerumani mchezo huu si wa watoto peke yao, wala haukuzaliwa Hamburg. Ukitaka asili yake teremka kusini hadi Göppingen, mji mdogo ulioko kati ya Stuttgart na Ulm. Hapo mwaka 1859 mfua bati mmoja, Theodor Friedrich Wilhelm Märklin, alianza kutengeneza vyombo vidogo vya jikoni kwa ajili ya vibanda vya wanasesere. Mkewe, Caroline, ndiye aliyesafiri kuvitafutia wanunuzi, jambo ambalo wanawake wa siku hizo hawakuzoea kulifanya, na mumewe alipofariki mwaka 1866 yeye ndiye aliyeishika kazi isife. Mwaka 1891 wanawe walipeleka katika maonyesho ya Leipzig treni ya ufunguo iliyozunguka katika reli yenye umbo la nane, pamoja na vipimo maalumu vya upana wa reli, ili mtoto aweze kuongeza vipande mwaka hata mwaka. Mwaka 1935 ukaja ukubwa mdogo uliotangulia huu unaotumika leo Hamburg. Hata jina kubwa namna hiyo halikunusurika na dhoruba: mwaka 2009, mwaka ule ule wa kutimiza miaka 150, kampuni ya Märklin ilitangaza kufilisika. Iliokolewa, na mwaka 2013 ikanunuliwa na kampuni nyingine ya Kijerumani ya michezo ya watoto.

Injini za zamani za namna hiyo zimejaa katika kabati za nyumba za Wajerumani. Baba alinunuliwa na babu, mwana akarithi. Nyingi hazina taa kabisa, au zina balbu moja ya uzi uwakao moto, iliyochoka. Injini mpya yenye kila kitu yaweza kugharimu mamia ya yuro, na si kila mfanyakazi wa bandarini ana fedha hizo za kuchezea. Basi jioni mtu hushuka katika chumba cha chini ya nyumba, hufungua skrubu mbili, huinua bodi ya injini kama anayemvua mtoto shati, na kuanza kazi ya kutia taa. Kwa maoni yangu kazi hiyo inampita mbali mwenzake aliyenunua kila kitu kikiwa kinawaka. Acha nikueleze inavyofanyika, maana haina uchawi.

Injini nyingi za mfano hupata umeme kutoka katika reli zenyewe. Katika mtindo wa kawaida wa mkondo mnyoofu, reli moja ni chanya na ya pili ni hasi, kiasi cha volti 12 kwa mwendo wa juu kabisa. Magurudumu huuchukua umeme, vibati viwili vya shaba huupeleka kwenye mota. Ukibadili chanya kuwa hasi, mota huzunguka kinyume na treni hurudi nyuma. Fundi basi anachotakiwa kufanya ni kuchovya katika mkondo huo huo.

Siku zilizopita balbu zilizotumika zilikuwa ndogo kama punje ya ngano, na nyingine kama punje ya mchele, na mafundi waliziita kwa majina ya nafaka hizo hizo. Ubaya wake ni joto. Balbu ikikaa muda mrefu karibu na plastiki, uso wa injini huanza kulainika na kukunjamana. Leo kazi hiyo inafanywa na taa za LED, zile zile zilizomo katika tochi na simu zetu. Hazina uzi wa kuungua, hazipati joto la kudhuru, na ndogo zake hazizidi milimita mbili kwa urefu. Mtu akipiga chafya mezani, taa imepotea.

Lakini LED ina tabia mbili ambazo lazima uziheshimu. Ya kwanza, haijui kushiba. Ukiipa volti 12 moja kwa moja itawaka mara moja kwa fahari, kisha haitawaka tena maisha yake yote. Taa nyeupe hutaka kama volti tatu. Tisa zilizobaki lazima zizuiwe njiani na kile kidude chenye mistari ya rangi ambacho mafundi wetu wa redio hukiita rezista. Hesabu yake ni ya darasani: volti tisa gawanya kwa mkondo unaoutaka. Kwa mkondo wa sehemu moja ya mia ya ampea, ambao unatosha sana, unapata omu 900. Dukani utapata ya 1,000, nayo inafaa. Mistari yake ni kahawia, nyeusi na nyekundu.

Tabia ya pili ndiyo tamu. LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Ukiugeuza mkondo, inakataa. Basi fikiri: treni ikienda mbele, reli ya kuume ni chanya, na ikirudi nyuma reli hiyo inakuwa hasi. Kwa hiyo ukiitia LED nyeupe mbele kwa mwelekeo unaofaa, itawaka injini inapokwenda mbele na kuzima yenyewe inaporudi. Nyekundu ukiiunga kinyume chake, itafanya kinyume chake. Hakuna swichi, hakuna mtu wa kubonyeza. Kitu kidogo kuliko punje ya mchele kimeijua sarufi ya reli bila kufundishwa. Tena, taa mbili zilizoungwa kwa kupishana hivyo hulindana, maana ile inayowaka huizuia nyenzake isielemewe na umeme wa kinyume.

Nyaya zinazotumika ni za shaba nyembamba kama unywele, zilizopakwa rangi ya kuhami, mfano wa zile zilizosokotwa ndani ya mota. Huungwa kwa solda yenye ncha kali, kwa mkono usiotetemeka, na pumzi imebanwa. Baada ya hapo fundi huiwasha kwa furaha na kukuta kwamba injini nzima inang'aa kama taa ya kandili, kwa sababu plastiki inapitisha mwanga. Inambidi kupaka rangi nyeusi upande wa ndani. Kisha anakuta mwanga ni wa buluu-buluu, mkali kama wa hospitali, na injini yake ni ya mwaka 1930. Hapo hupaka tone la rangi ya machungwa inayoangaza juu ya taa, au hununua zile zenye weupe wa vuguvugu.

Ubuluu huo una kisa chake. LED nyekundu ilipatikana mwaka 1962, ikafuatiwa na za manjano na kijani. Lakini buluu ilikataa kwa muda mrefu, na bila buluu nyeupe haipatikani. Waliofanikiwa ni Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Taa nyingi nyeupe za LED za siku hizi ni za buluu iliyopakwa unga wa manjano. Kwa hiyo mpenzi wa treni wa miaka ya 1970 aliweza kuitia treni yake mkia mwekundu wa kisasa, ila usoni ilimbidi abaki na punje yake ya ngano.

Lipo tatizo moja ambalo rezista haiwezi kulitatua. Katika mtindo huu wa zamani, mwendo unatokana na kiasi cha umeme ulioko relini. Treni ikipunguza mwendo, taa nazo hufifia, na ikisimama stesheni, zinazima kabisa. Hakuna treni ya kweli inayofumba macho kila ifikapo stesheni. Dawa ilikuja katika miaka ya 1980, pale Märklin ilipouza mfumo wa tarakimu, na baadaye Wamarekani wakaweka kanuni za mfumo unaotumiwa na wengi, wakijenga juu ya kazi ya kampuni ya Mjerumani Bernd Lenz. Katika mfumo huo reli zina umeme kamili wakati wote, na juu ya umeme huo hupita maagizo. Ndani ya kila injini kuna king'amuzi, na jina hilo linafaa kabisa, maana kazi yake ni ile ile ya kisanduku cha televisheni: kuchambua lipi ni lake katika mengi yanayopita. Injini namba fulani, washa taa. Injini namba fulani, punguza mwendo. Ndivyo treni zaidi ya 1,000 za Hamburg zinavyotembea bila ya kugongana kila dakika, na ndiyo maana ukifika pale utaona treni imesimama jukwaani usiku, taa zake tatu zinakodoa macho, ikingoja zamu yake.

Ukiwa umefika hapo, tazama jambo moja zaidi, ambalo ndilo kipimo cha fundi aliyekomaa. Injini inapovuta mabehewa, nyuma yake yeye mwenyewe hapatakiwi kuwa na taa nyekundu, kwa kuwa mgongo wa treni ni behewa la mwisho. Mtindo wa kuungaunga niliokueleza hapo juu hauwezi kuizima ile nyekundu peke yake, hivyo wenye haraka huiacha iwake katikati ya injini na behewa la kwanza, mahali ambapo haina la kumwambia mtu yeyote. Aliye makini hutia kiswichi kidogo chini ya injini, na nyekundu huziweka mkiani.

Kiingilio cha Wunderland si cha bure, na siku za likizo foleni ni ndefu, heri ununue tiketi mapema. Lipo lakini jambo linalopendeza kulisikia katika mtaa uliojengwa juu ya nyumba za wafanyakazi. Kwa miaka kadhaa sasa, katika mwezi wa Januari, wenye mahali hapo wamekuwa wakiwakaribisha bure watu wasio na uwezo. Mtu hufika mlangoni na kusema tu kwamba hana uwezo wa kulipa. Hadaiwi cheti wala barua ya mjumbe. Sijui ni maonyesho mangapi duniani yanayomwamini masikini kwa neno lake tu, lakini hili ni mojawapo.

Msomaji ataniuliza: na sisi ambao Januari haitatufikisha Hamburg? Reli tunazo. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, na mtu atakayetaka kuitengenezea mfano kwa kipimo kile cha 87 atatumia reli ya milimita 12. Reli mpya ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ni ya upana ule ule wa Ulaya, kwa hiyo mfano wake utapita juu ya reli zile zile za Hamburg bila kubadili gurudumu. Na waundaji tunao. Nani katika sisi hajaona mtoto akivuta treni ya makopo ya samaki yaliyofungwa kwa waya, magurudumu ya kandambili, breki ni nyayo zake mwenyewe? Mtoto huyo amekwisha maliza kazi iliyo ngumu, ya kupata umbo. Kilichobaki ni taa, na taa iko katika tochi mbovu iliyotupwa juu ya kabati.

Jumapili hii kaa naye barazani. Betri tatu za tochi zikifuatana zinatoa volti nne na nusu. Usimruhusu kamwe kugusa umeme wa ukutani, betri zinatosha. Ing'oe LED nyeupe moja katika tochi, au kanunue kwa fundi redio pale Kariakoo, naye akuuzie na rezista ya omu 100, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na kahawia. Ikiwa ni mpya, mguu mrefu wa taa ni wa chanya, mfupi ni wa hasi. Unga betri, rezista, taa, na kurudi kwenye betri, kisha kandika taa katika tundu ulilotoboa kwa msumari usoni mwa kopo la kwanza. Kwa nyekundu tafuta rezista ya 150, kahawia, kijani na kahawia, na waya mrefu wa kutosha kupita juu ya makopo yote hadi la mwisho. Taa ikikataa kuwaka msiitupe, kwa umeme mdogo namna hiyo haijaharibika. Geuzeni miguu yake mjaribu tena. Halafu ngojeni jua lizame.